Darasa langu lilimcheka mwanafunzi Mhadzabe, nifundishe vipi historia yao?

"Habari mwalimu. Nafundisha historia sekondari moja huku upande wa Mbulu. Darasa moja lina watoto zaidi ya sitini, wengi Wairaqw na Wadatoga, Waisanzu wachache, na Wahadzabe wawili, mvulana na binti, wa ile jamii ndogo ya wawindaji na wachimba mizizi. Juzi nimefika kwenye ujima, ile hatua ya kwanza ya jamii ya kuzalisha na kugawana kwa pamoja, notsi zinawataja Wahadzabe kama mfano, darasa zima likageuka kuwaangalia na mmoja akaanza kugongesha ulimi kuigiza lugha yao, wakacheka mpaka kipindi kikavurugika. Binti hajaonekana tangu siku hiyo. Mwenzangu ananishauri niiruke mada, mkuu anasema tuwapeleke ziara Eyasi, wanakoishi Wahadzabe, wakajionee, mimi nilifikiria kumwita mzee wao aje awashe moto wa vijiti na kuonyesha upinde. Nikigusa ardhi naogopa nitaonekana nachochea. Na wanafunzi wenyewe wanauliza, kwani sisi wengine sio wazawa? Nifanyeje?"

Pole sana mwalimu, na umefanya vizuri kuandika yote bila kuficha. Naanza na yule binti maana somo linaweza kusubiri wiki mbili, yeye hawezi. Mtafute leo. Usimwite ofisini mbele ya wenzake, pitia kwa mwalimu wa malezi na unasihi, au matroni kama analala bweni, na ukimpata usianze na maswali, mwambie tu kilichotokea kilikuwa kibaya na wewe ndiye utakayekishughulikia. Usimwombe awasamehe wenzake na kabisa usimwombe asimame "aeleze mila zao". Kama ameshaenda nyumbani mpigie mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, nenda mwenyewe ukiweza, na ikipita wiki hajarudi basi hilo sio suala la mwalimu mmoja tena, linakuwa la mkuu wa shule, afisa elimu kata na afisa ustawi wa jamii, na inabidi uwafuate ana kwa ana, sio kuwaandikia meseji. Nasema hivi kwa sababu mtoto wa Kihadzabe akiacha shule watu wana jibu lao tayari, "amerudi porini, ndivyo walivyo", na faili linafungwa hapo. Yule aliyeigiza naye mwiteni peke yake. Mkimchapa mbele ya darasa mtakuwa mmempa binti maadui wapya.

Haya, sasa somo. Ulivyoandika ni kama vile tatizo ni watoto wakorofi. Mimi naona watoto walifanya kile notsi zilichowafundisha kufanya. Hebu fikiria tunavyoipanga hii mada kwa miaka yote: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, halafu ujamaa. Tunasema ni mifumo ya uzalishaji ila kwenye kichwa cha mtoto wa miaka kumi na tano hiyo ni ngazi, na kwenye ngazi kuna aliye juu na aliye chini. Kule chini kabisa tunaweka mfano mmoja wa watu walio hai, tena mara nyingi hao hao, Wahadzabe, Wasandawe, Wambuti wa Kongo. Mwanafunzi anatoka Zinjanthropus, yule wa fuvu la kale la Olduvai, anaruka moja kwa moja mpaka Mhadzabe aliyekaa dawati la nyuma, kana kwamba kati ya hao wawili hakuna kilichopita. Na Zinjanthropus ni wa kama miaka milioni 1.75 iliyopita, wala sio babu yetu wa moja kwa moja, si Mhadzabe wala Mwiraqw wala wewe. Ukishaweka ngazi namna hiyo kicheko kinajileta chenyewe, hauhitaji mwanafunzi mtukutu.

Kuna jambo jingine ambalo ukishaliona hutaacha kuliona. Chukua kitabu chochote cha shule uangalie wengine wanavyoelezwa. Wangoni walifika lini, Wahehe walipigana na nani, Wachaga walianza kahawa kipindi gani. Ukija kwa Wahadzabe hakuna mwaka hata mmoja, kuna "wanakula", "wanaishi", "wanawinda", yaani wengine wana tarehe na hawa wana menyu. Mtu asiye na tarehe hana historia, ana tabia tu, na tabia ni kitu cha kushangaa au kucheka. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu mmoja: wape tarehe. Usiongeze mila, za mila zimeshazidi, wewe ongeza miaka, maamuzi, majina ya sehemu, nani alitaka nini na wao wakajibu vipi.

Na tarehe zipo tele. Mwaka 1927 serikali ya Mwingereza ilijaribu kuwaweka Wahadzabe sehemu moja walime, ikashindikana. Ikajaribu tena 1939. Baada ya uhuru serikali yetu wenyewe nayo ikaja, 1965 watu wakakusanywa Yaeda Chini, wakajengewa makazi, magonjwa yakawapata kwa sababu watu waliozoea kuishi kambi ndogo ndogo zinazohama ghafla wamebanana sehemu moja, na baada ya muda wengi wakaondoka. Hapo simama uwaulize wanafunzi, kwa nini serikali mbili tofauti, kwa nia tofauti, zilifikia wazo lile lile mara tatu? Na kwa nini kila mara watu waliondoka? Utashangaa majibu watakayotoa. Kuondoka ni uamuzi, mwalimu, ni siasa hiyo, watu wamepima wakaona hapa tunakufa na kule tunaishi. Ukifundisha hivyo, yule binti anakaa darasani kama mjukuu wa watu walioamua, na hiyo ni nafasi tofauti kabisa na ile ya mfano wa ujima.

Endelea mpaka karibu. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilikuwa kwenye mpango wa kupewa eneo la Yaeda kwa ajili ya wageni wake kuwinda, kelele zikapigwa ndani na nje ya nchi, mwisho wa mwaka kampuni ikajitoa. Halafu 2011, na hii ndiyo ningeipa kipindi kizima, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi kwa pamoja, kama jamii, zaidi ya hekta 20,000. Wakati huo hati za kimila watu walizijua kama karatasi ya mtu na shamba lake, hapa jamii nzima ya wawindaji na wachimba mizizi inasimama mbele ya sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasema hili ni letu, na tunalitumia hivi tunavyolitumia. Waliosaidia kuisukuma ni Ujamaa Community Resource Team, shirika la hapo Arusha. Sasa niambie hapo ujima uko wapi. Hao ni watu wanaojua halmashauri inavyofanya kazi kuliko wengi wetu.

Najua utaniambia, lakini darasani nina Wadatoga na Waisanzu na Wairaqw, nikisema Wahadzabe walibanwa watauliza walibanwa na nani, na jibu lingine ni wazazi wao. Kweli kabisa. Hapo ndipo walimu wengi wanaporudi nyuma, mimi nafikiri ndipo somo linaponoga, ila lazima uende na mnyororo wote na sio pingili ya mwisho tu. Mdatoga anayeingiza ng'ombe Yaeda, jiulize malisho yake ya zamani yako wapi. Miaka ya sabini NAFCO, shirika la serikali, lilianza mashamba makubwa ya ngano Hanang kwa msaada wa Kanada, kama ekari 100,000 hivi, na hiyo ilikuwa ardhi nzuri ya malisho ya Wabarbaig ambao ni Wadatoga hao hao. Njia za ng'ombe zikafungwa, hata makaburi ya wazee wao yakapitiwa na trekta, na wenye mifugo wakalazimika kutafuta kwingine. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani. Mahakama Kuu kikashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikabatilisha, na moja ya hoja ilikuwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Hebu wape wanafunzi hiyo wakae nayo kidogo, Mbarbaig wa Hanang anaambiwa hajathibitisha uenyeji Hanang.

Halafu usiwaache hapo maana wataona mahakama ni ukuta. Wape na kesi ya Akonaay, ya watu wa Kambi ya Simba huko Karatu, majirani zenu kabisa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ile ile ikasema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, huwezi kumnyang'anya mtu bila fidia ukasema ilikuwa ya mila tu. Kutoka 1985 mpaka 1994 ni miaka tisa. Swali la darasa: nini kilibadilika? (Dokezo, haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na zikaanza kutumika mahakamani 1988.) Ukifanya hivi mtoto wa Kidatoga hakai kama mshtakiwa, anagundua yeye na yule Mhadzabe wamesukumwa kwenye foleni moja, ila sio kwa uzito sawa, na hapo usimfiche, mwambie ukweli kwamba Wahadzabe kwa uchache wao, wanakadiriwa kama elfu moja na kitu hivi, walikuwa hawana wa kumsukuma tena.

Sasa lile swali la "kwani sisi sio wazawa". Ni swali zuri na usilizime, hata serikali za Afrika ziliuliza hilo hilo. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili lilipokaribia kupigiwa kura 2006 nchi za Afrika ziliomba muda, zikisema kwetu wote ni wa hapa. Kura ikapigwa tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 zikakubali na Tanzania ikiwemo, Kenya na Burundi wakajizuia, waliokataa wakati ule walikuwa wanne, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Ila kwa Afrika, Tume ya Haki za Binadamu na Watu ilishaliweka sawa kupitia ripoti yake ya 2003: hapa hatuulizi nani alifika kwanza, tunauliza ni jamii zipi ambazo namna yao ya kuishi na ardhi imedharauliwa na kusukumwa pembeni na mipango ya maendeleo ya wengine. Kwa hiyo Mnyiramba ni mzawa, Mwiraqw ni mzawa, hakuna anayepokonywa uzawa wake. Kinachozungumzwa ni nani mipango ilimruka. Waambie hivyo kwa maneno mepesi, wataelewa haraka kuliko watu wazima.

Ukitaka mfano wa nje kidogo tumia Waogiek, jamii nyingine ya wawindaji, wa msitu wa Mau, Kenya, na uzuri wake kesi imeamuliwa hapo Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema Kenya imevunja haki zao kwa kuwafukuza msituni, na 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000 pamoja na kutambuliwa ardhi yao. Halafu Novemba 2023 wakabomolewa nyumba tena. Kushinda kesi na kupata haki ni vitu viwili, na wanafunzi wa kidato wanastahili kujua hilo mapema.

Kuhusu mapendekezo uliyopewa. Kuiruka mada ni njia rahisi na naelewa mwenzako anatoka wapi, lakini kicheko kimeshatokea, ukinyamaza utakuwa umekiidhinisha. Ziara ya Eyasi mimi ningeikataa kwa namna ilivyopangwa. Kule kuna biashara ya utalii, mgeni anafika alfajiri, anafuata wawindaji, anapiga picha, analipa, anaondoka. Ukiwapeleka watoto sitini kwenye huo mstari watakuwa watalii wenye sare, na Wahadzabe wako wawili watakuwa wanatazamwa wao na ndugu zao kwa mpigo. Kama mkuu ameshapata basi na hataki kughairi basi geuzeni ziara, nendeni ofisi ya kijiji, ombeni mapema kupitia mtendaji, wakaone ramani ya matumizi ya ardhi, wakaelezwe mipaka imewekwaje na nani anailinda. Haina msisimko kama upinde, najua.

Mzee kuja shuleni, hilo ni wazo zuri ambalo umelipa kazi isiyo yake. Moto wa vijiti hata babu zetu wengine waliujua, hauna jipya. Mwite aeleze 2011, walianzaje, walikataliwa wapi, nani alikuwa anapinga, nini kimebaki. Wengi wanazungumza Kiswahili vizuri kwa hiyo usiwe na hofu ya mkalimani. Mpitie kupitia serikali ya kijiji, muulize yeye mwenyewe nini yuko tayari kuzungumza na nini hapana, na nauli, chakula na posho yake iwe ile ile mnayompa afisa akija kufungua semina, hapo huwa tunajisahau sana. Kuna mambo usiyaulize hata darasa likiwa na hamu, kwa mfano epeme, ile nyama na ibada ya wanaume waliokomaa, sio ya kusimuliwa mbele ya watoto wa watu kwa sababu tu ratiba ina dakika zimebaki. Na kabla hajaja, ongea na wale wanafunzi wawili kando, wakisema hawataki aje basi asije.

Lugha nayo, kwa kuwa ndiyo ilianzisha yote. Usiifanye siri, ifundishe, ila usimfanye mtoto redio kwa kumwambia "hebu tusemee". Waambie darasa kwamba eneo lao la Mbulu na jirani zake ni sehemu adimu Afrika, Kiiraqw ni cha Kikushi, Kidatoga ni cha Kinilo, Kiisanzu ni cha Kibantu, na Kihadzane hakina ndugu anayejulikana popote. Watu wanakifunga kamba moja na Kisandawe kwa sababu zote zina ile milio ya ulimi lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba zinahusiana. Yaani mtu anaweza kukaa wiki mbili sokoni kwenu akasikia koo nne za lugha ambazo wengine wanazisoma kwenye vitabu tu. Yule kijana aliyeigiza mpe kazi hiyo, achore ramani ya lugha za darasa lake, afanye vizuri.

Hofu yako ya kuonekana mchochezi siichukulii kirahisi, wewe ni mtumishi wa umma na una watoto wa kulisha. Mimi nisingeanzia Loliondo wala Ngorongoro ya 2022, ule mgogoro wa Wamaasai kuhamishwa, joto lake bado lipo na familia za wanafunzi zinaweza kuwa upande wowote. Wakiuliza, na watauliza, anza nyuma, kwamba 1958 wazee kumi na wawili wa Kimaasai walitia saini kuiachia Serengeti, 1959 Ngorongoro ikaanzishwa kama eneo la watu, mifugo na wanyama pamoja, halafu waache wajiulize saini ya wazee kumi na wawili inawafunga wangapi. Baki kwenye hukumu za mahakama, sheria na matamko ya serikali yenyewe, hizo ni nyaraka za wazi. Andalio la somo lipeleke kwa mkuu mapema, litiwe saini, nakala ubaki nayo. Mtu akikuuliza kwa nini unafundisha Akonaay utamjibu hiyo ni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, sio kijarida cha mtu.

Imebaki mtihani, maana najua hata nikisema yote haya NECTA, Baraza la Mitihani, inaweza kuuliza sifa tano za ujima na mtoto atatakiwa azijaze. Mfundishe azijaze. Ila mwambie hii ni nadharia ya wasomi fulani wa Ulaya ya karne ya 19 waliokuwa wanapanga jamii za dunia nzima kwa hatua, ajue kuitaja bila kuiamini kama Biblia. Na kwenye jaribio lako la mwezi, ambalo unatunga mwenyewe, weka swali moja la namna hii: "Eleza sababu zilizofanya majaribio ya kuwahamishia Wahadzabe kwenye makazi ya kudumu mwaka 1927, 1939 na 1965 yasifanikiwe." Lipe alama kumi, sio mbili, wanafunzi wanapima umuhimu wa kitu kwa alama.

Kipindi cha kwanza usijaze sana, weka hiyo miaka ubaoni na maswali mawili matatu, cha pili ndio uingie Hanang na zile kesi. Na usikianze kabla hujaonana na yule binti.